Trela la Mama Karanga

Haya, sogeeni. Wa nyuma asisukume, wa mbele asimzibe mwenzake. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, wala jini wa baharini. Ina trela bovu, fundi mmoja, mwanamke mmoja mwenye karai la samaki, na chumvi. Chumvi ndiyo adui, kwa hiyo iangalieni itakapoingia.

Hapo zamani za juzi juzi, kando ya barabara ya Malindi, karibu na njia ya kuteremkia Mayungu, palikuwa na mkorosho mkubwa, na chini ya mkorosho palikuwa na trela. Si lile la kubebea kontena. Hili lilikuwa dogo, lenye magurudumu mawili, urefu wake mita 2 na nusu, limefunikwa paa bapa. Lilikuwa trela la kupigia kambi. Mgeni alilivuta nyuma ya gari lake miaka mingi nyuma, safari yake ikaisha, akamwuzia mwenye shamba, akaenda zake. Mwenye shamba hakupiga kambi hata siku moja. Kuku wake ndio waliohamia.

Matrela ya aina ile hukunjwa. Likiwa njiani ni sanduku bapa tu, halizuii upepo wala halilichoshi gari. Mkifika mahali pa kulala, mtu anazungusha mpini, mpini unakunja waya, waya unapita kwenye kapi zilizofichwa pembeni, na paa zima linapanda. Nahodha wa jahazi angeielewa mashine ile kwa kuitupia jicho mara moja, maana kwa kapi hizo hizo ndivyo foromali inavyopandishwa mlingotini. Paa likishakaa juu, vitanda viwili vinavutwa nje, kimoja mbele, kingine nyuma, turubai linatanuka na kuwa kuta. Hapo nyumba imesimama.

Ila turubai likikunjwa na unyevu huota ukungu, na pwani yetu unyevu hauishi. Hili lilikunjwa wakati wa masika na halikufunguliwa tena. Lilipokuja kufunguliwa lilichanika lenyewe, likamwaga vumbi jeusi na mayai viza.

Sasa huyo mwanamke. Pwani yetu kina mama wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza, tunawaita mama karanga. Wetu alikuwa akilipita trela lile kila alfajiri akienda kungoja vyombo viingie Mayungu. Akifika, samaki wakubwa wana wenyewe: nguru, kolekole na jodari wanaingia kwenye masanduku ya barafu ya matajiri wenye magari. Yeye anapata tafi, pono na changu wadogo wadogo. Na kwa kuwa hana barafu, anakimbizana na jua. Samaki aliyelala kwenye karai bila barafu, kwa joto la Malindi, hafiki mchana akiwa na macho maangavu.

Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari inachafuka, vyombo vidogo vingi havitoki, samaki ni haba na ghali. Kaskazi ikiingia, kati ya Novemba na Machi, bahari inatulia, samaki wanafurika na bei inaanguka. Mwenye barafu anasema, "Nitauza kesho." Asiye nayo anauza leo, kwa bei atakayotajiwa. Hesabu hiyo mama karanga alikuwa ameipiga siku nyingi. Alitaka sanduku la barafu, tena sanduku linalotembea, kwa sababu wanunuzi wake wako Gede, wako Watamu, wako Malindi mjini. Mpwa wake alikuwa na gari aina ya Probox. Kilichopungua ni kitu cha kuvuta.

Akamleta fundi chini ya mkorosho.

"Fundi, dude hili litafaa kitu? Mimi naliona limeoza."

"Kilichooza ni hiki tunachokiona, mama," fundi akajibu. "Ngoja nilale chini nione kile tusichokiona."

Akatandika gunia, akalala chali, akajivuta uvunguni akiwa na nyundo, bisibisi na kipande cha chaki. Hapo wanangu ndipo pa kumtazama, kwa sababu ule uvungu ndio uliokata shauri lote. Watu wakinunua kitu kikuukuu hukagua rangi, hukagua viti, huuliza kama redio inalia. Fundi huyu hakuligusa paa. Alianza kugonga chasisi kwa nyundo, shubiri kwa shubiri, akisikiliza. Chuma kizima kinalia, sauti inakimbia hadi mwisho wa bomba na kurudi. Chuma kilicholiwa kinajibu kwa sauti fupi, nzito, kisha kimya. Penye sauti fupi alichoma kwa bisibisi. Pote ilikwaruza rangi tu, isipokuwa mahali pamoja, nyuma ya kikombe kinachoshika springi ya kushoto. Pale bisibisi ilizama hadi mpini.

Akachora duara la chaki. Duara maana yake kata.

Chumvi ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Chuma kilitolewa kwenye mawe kwa moto mkali, na tangu siku hiyo kinatafuta njia ya kurudi kuwa udongo. Kikipata maji na hewa ya oksijeni kwa pamoja, kinageuka kutu. Ili kutu itokee, chembe za umeme lazima zihame kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine, na maji yaliyolowesha chuma ndiyo yanayokamilisha njia. Maji ya mvua hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo kutu inatembea pole pole. Yatie chumvi, njia inafunguka. Halafu chumvi ina tabia nyingine: inanyonya unyevu hewani, hivyo hata siku isiyo na mvua chuma chenye vumbi la chumvi kinabaki kimelowa. Gari lililozeekea Nairobi mara nyingi lina sakafu nzima. Lililozeekea Malindi, ukiinua zulia unaiona lami.

Na sisi tumezungukwa. Kaskazini ya Malindi, Gongoni na Marereni, kuna mashamba ya chumvi: maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa mapana, jua linayakausha, chumvi inakokotwa na kurundikwa marundo meupe. Lakini trela letu halikuhitaji kwenda Gongoni. Mawimbi yakipasuka ufuoni, upepo unabeba matone madogo yasiyoonekana na kuyatua kwenye majani, kwenye mabati, kwenye kila bolti. Mvua huosha sehemu za juu. Uvunguni mvua haifiki, na mle ndani ya bomba, na kati ya vyuma viwili vilivyolaliana, chumvi ikiingia haitoki.

Fundi akatoka uvunguni, nywele zimejaa vumbi la kutu. "Chasisi inaishi. Pana kidonda kimoja. Tutakata, tutachomelea kipande kipya kinene zaidi. Tuione ekseli."

Akalipiga jeki. Gurudumu la kulia alilizungusha kwa mkono likaenda kimya. La kushoto likasaga. Ndani ya kila gurudumu kuna beringi, yaani pete mbili za chuma na katikati yake vipipa vidogo vinavyobingirika ndani ya grisi, ndivyo vinavyolifanya gurudumu lizunguke huku ekseli imetulia. Alipofungua la kushoto, grisi ilikuwa imechanganyika na maji, ikawa nyepesi na ya rangi ya kahawia, na vipipa vina madoa ya kutu. Akasema zibadilishwe zote mbili, hata ile ya kulia iliyokuwa kimya. Mama karanga akanuna kidogo. Mimi namuunga mkono fundi: beringi mpya ni pesa ya siku chache za samaki, na gurudumu likichomoka kwenye mteremko wa daraja la Kilifi hutaki kujua litakwenda kumgonga nani.

Kisha matairi. Yalikuwa na meno marefu, kama mapya, kwa kuwa hayakutembea. Mpwa akafurahi, akasema hapo tumeokoa. Fundi akamwita achuchumae asome ubavuni. Kwenye ubavu wa tairi pana tarakimu 4 ndani ya kisanduku cha duara dufu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2309 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa, jua huukausha na nyufa ndogo ndogo hujitokeza karibu na ringi. Nyufa zilikuwepo. Matairi yale yakaenda kuwa kitu cha watoto kubembea. Nanyi mkirudi nyumbani kayasomeni matairi ya gari la baba au la jirani, mtashangaa.

Siku iliyofuata walilivua. Turubai lilichomwa, lisingefaa hata kuanikia dagaa. Mbao za sakafu zilitoka kwa mkono, hazikuhitaji msumeno. Magodoro ya sponji nusura yatumike kwa kazi ambayo hayakuifaa, nitawaeleza. Paa lilikuwa la bati la alumini, na alumini haishiki kutu ile nyekundu, kwa hiyo karatasi zile zilikunjuliwa taratibu na kuwekwa kando. Winchi ya kupandishia paa ikawekwa kando. Fremu ya kitanda kimoja, ile inayovutwa nje, ikawekwa kando. Miguu minne ya pembeni, ile inayoteremshwa ili trela lisitikisike watu wakilala, ikawekwa kando. Vilivyobaki vilikwenda kwa mwenye duka la vyuma chakavu, naye aliuliza vimetoka wapi na akaandika, kwa sababu biashara hiyo ina sheria yake. Mnamo Januari 2022 serikali iliipiga marufuku nchi nzima kwa miezi kadhaa, baada ya watu kubomoa nguzo za umeme na kuuza chuma chake.

Walipomaliza, chini ya mkorosho ilibaki fremu tupu juu ya magurudumu mawili. Watu wakapita wakacheka. Mzee mmoja akasimama kabisa na fimbo yake. "Mwanangu, kitu kilichotengenezwa kwa kulalia, utakifanya vipi kiwe cha samaki? Kila kitu na kazi yake."

Fundi hakujibu, alikuwa na bolti mdomoni. Nitamjibia mimi. Mzee yule angegeuza uso kaskazini angepata jibu baharini. Ng'ambo ya Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya maji katika miaka ya 1960, chini ya profesa wao Luigi Broglio, ili warushe roketi. Walichagua Ngomeni kwa kuwa iko karibu na ikweta, na hapo dunia inazunguka kwa kasi kuliko mahali pengine, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Na upande wa mashariki pana bahari tupu, kikianguka kipande hakimwangukii mtu. Mojawapo ya majukwaa yale, linaloitwa Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta. Liliacha kazi ya mafuta, likavutwa hadi pwani yetu, likageuzwa kituo cha kuongozea roketi.

Kati ya 1967 na 1988 satelaiti 9 zilipanda angani kutoka pale. Ya Desemba 12, 1970 ilirushwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru, nayo ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Kama jukwaa la mafuta liliweza kuaga satelaiti Ngomeni, trela la kulalia halishindwi na tafi wa Mayungu.

Turudi. Sasa linakuja jambo ambalo wengi wanaotengeneza matrela hawalijui, na kila mwenye mkokoteni wa Malindi analijua.

Mtazameni muuza maji akipakia. Mikokoteni mingi ya miji yetu nayo ni vitu vilivyogeuzwa: ekseli ya gari lililokufa, mbao juu yake, mikono miwili mbele. Muuza maji anapanga mitungi ya lita 20, tuseme 20. Lita 20 za maji ni kilo 20, kwa hiyo mzigo wote ni kilo 400, mzito kuliko watu watano wazima. Lakini haanzi kupanga popote. Mtungi wa kwanza anauweka juu ya ekseli. Wa pili mbele kidogo. Wa tatu nyuma. Kila baada ya mitungi michache anashika mikono ya mkokoteni na kuinyanyua kidogo, anasikilizia, anausogeza mtungi mmoja mbele kwa kiasi cha shubiri. Anachotafuta ni mkokoteni ulale mbele kwa uzito mdogo tu. Ukizidi mbele, mikono yake yeye ndiyo inayobeba maji. Ukizidi nyuma, mikono ya mkokoteni inaruka juu, na kama mwenyewe ni mwepesi anabaki ananing'inia hewani miguu ikichezacheza, na watu wa sokoni wana habari ya kusimulia hadi jioni.

Trela linalovutwa na gari linafuata sheria ile ile, isipokuwa likikosewa hakuna anayecheka. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, mkono wa trela unanyanyua gari kwa nyuma, matairi ya nyuma ya gari yanapungukiwa na mshiko, na trela likianza kuyumba kidogo, ule mkia mzito unalivuta liyumbe zaidi. Kushoto, kulia, kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka gari na trela vinalala shimoni. Kipimo wanachofuata mafundi ni kwamba mkono wa trela ulale kwenye gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Trela la mama karanga likijaa lilitarajiwa kufika kilo 400. Kwa hiyo mbele, pale linaposhikana na Probox, palitakiwa kilo 40 hadi 60. Fundi alipima kwa mizani ile ya kupimia watu, akauegesha mkono wa trela juu yake. Hakuna uganga.

Lakini mzigo wa samaki ni mjanja kuliko wa maji. Mitungi haipungui njiani. Barafu inayeyuka na kumwagika, samaki wanauzwa mmoja mmoja, mpaka jioni sanduku ni tupu. Sanduku likiwekwa nyuma kabisa, asubuhi trela linayumba. Likiwekwa mbele kabisa, asubuhi gari limekaa kitako na jioni mkono wa trela ni mwepesi mno. Fundi akalikalisha sanduku juu ya ekseli yenyewe, limesogea mbele kidogo tu, ili lijae au liwe tupu mizani isiondoke mahali pake. Mbele, karibu na mkono, akaweka vitu visivyopungua sana: jiko, makaa, karai la chuma. Alikata shauri hilo kwa dakika chache, akichora kwa kijiti mchangani, na kwangu mimi hapo ndipo alipostahili malipo yake yote.

Sanduku lenyewe sasa. Mpwa alitaka kuta zake zijazwe sponji ya yale magodoro, kwani ipo na ni ya bure. Ina hewa ndani, alisema, na hewa huzuia joto. Nusu ya maneno yake ni kweli. Hewa iliyofungiwa ndani ya vijumba vidogo huzuia joto vizuri sana. Ila vijumba vya sponji ya godoro viko wazi, vinapitisha maji. Siku ya kwanza ingekunywa maji ya samaki, siku ya tatu trela zima lingenuka, na sponji iliyolowa haizuii joto tena. Walichotumia ni ule ubao mweupe mwepesi ambao televisheni mpya hufungiwa ndani yake. Vijumba vyake vimefungwa. Waliukusanya madukani mjini, vipande vinatupwa kila siku, wakaupanga unene wa upana wa kiganja, bila kuacha ufa. Kifuniko wakakiweka juu badala ya mlango wa ubavuni, kwa sababu hewa baridi ni nzito, inatulia chini. Ukifungua mlango wa ubavuni inamwagika yote miguuni pako.

Mbona barafu, kwani maji baridi hayatoshi? Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka inameza joto linalotosha kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Na muda wote inapoyeyuka haipandi, inakaa kwenye nyuzi sufuri. Bakteria wanaomwoza samaki hawafi kwa baridi hiyo, lakini wanapungua mbio. Kwa nchi zetu za joto wanashauri kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, imezunguka juu, chini na ubavuni, wala si kumwagiwa juu tu kwa urembo.

Kwa ndani sanduku lilivikwa zile karatasi za alumini za paa. Na hapa chumvi inarudi kwa mlango wa nyuma. Alumini peke yake inavumilia. Lakini alumini ikigusana na chuma, na kati yao maji ya chumvi, zile chembe za umeme zinaanza tena kuhama, na safari hii anayeliwa ni alumini. Maji ya barafu yaliyoosha samaki wa baharini yana chumvi. Kwa hiyo kila mahali alumini ilipokutana na chasisi fundi alilaza ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, visigusane. Sakafu ya sanduku akaiinamisha kidogo kuelekea kona moja, akatoboa tundu, akaunganisha mpira mrefu unaopita nyuma ya ekseli na kumwaga maji mbali na chuma. Matrela mengi ya samaki yanakufa kwa tundu lililotobolewa juu ya springi.

Wakati wa kuchomelea, watoto wa jirani walijaa, maana cheche zinavutia. Fundi alizima mashine mara mbili kuwafukuza, na alikuwa sahihi. Mwanga ule una miale kama ile ya jua, ila iliyokolea, inaunguza uso wa jicho bila kuuma. Unaumia usiku, unaamka ukidhani umetiwa mchanga machoni. Miwani ya jua haisaidii, ingawa mafundi kadhaa huivaa. Panatakiwa kioo cheusi cha kazi hiyo. Mkiona mwanga wa buluu kando ya barabara, tazameni upande mwingine. Siwatanii.

Kidonda cha chasisi kikakatwa, kipande kipya kikachomelewa, ndani ya mabomba ikamiminwa oili, juu rangi ya kuzuia kutu halafu nyeupe, kwa kuwa nyeupe hairundiki joto. Ile fremu ya kitanda ikawa meza: asubuhi imeingia ndani, mama karanga akifika Gede anaivuta nje, anaweka karai na ndimu. Miguu minne ikateremshwa trela lisicheze akiwa kazini. Winchi ikawekwa mbele, ya kupandishia mizigo mizito kutoka ufuoni bila kuvunjana mgongo. Ukitazama sana, kila kipande cha kulalia kilipata kazi ya kusimamia.

Trela halikuvutwa siku hiyo. Mama karanga alitaka, wavuvi walikwisha muahidi changu. Fundi alikataa mpaka taa ziwake: za breki, za kuashiria kushoto na kulia, na vioo vyekundu vya kurudisha mwanga nyuma, kwa sababu barabara ya Malindi usiku ina malori, ina bodaboda zisizo na taa, ina ng'ombe. Mnyororo wa akiba ukafungwa kati ya trela na gari, ili kishikio kikichomoka trela lisiende kivyake. Karatasi za trela, ambazo bahati nzuri mwenye shamba alikuwa amezihifadhi, zikapelekwa kubadilishwa jina. Trela nalo husajiliwa kama gari, na lina kibao chake.

Nambari za matrela ya Kenya huanza na herufi Z. Mkisafiri kati ya Kilifi na Malindi zitafuteni, za malori makubwa na za matrela madogo. Mkiiona Z, angalieni mzigo umekaa wapi: mbele ya ekseli au nyuma yake. Ukiwa umerundikwa nyuma na mkia unayumba, mwambieni dereva wenu asiukaribie.